Profesa Saitoti na safari isiyofika Ndhiwa

Jumapili ya tarehe 10 Juni 2012, kabla ya saa tatu asubuhi, helikopta ya polisi yenye usajili wa 5Y-CDT iliruka kutoka Uwanja wa Wilson jijini Nairobi kuelekea Ndhiwa. Ilibeba watu 6: Waziri wa Usalama wa Ndani Profesa George Saitoti, Waziri Msaidizi wake Joshua Orwa Ojode, marubani wawili wa polisi na walinzi wawili. Ndhiwa kulikuwa na harambee ya kanisa, na wao ndio waliokuwa wageni wa heshima. Dakika chache baada ya kuruka, helikopta ilianguka katika msitu wa Kibiku, Ngong, ikashika moto. Hakutoka mtu hai.

Sisi wa Pwani jina la Ndhiwa hatulisikii kila siku. Iko Kaunti ya Homa Bay, upande unaopakana na Migori, nchi ya miwa na Mto Kuja, si mbali na Mbuga ya Ruma. Ndiko kwao Kanyamwa alikotoka yule mganga mashuhuri Gor Mahia, ambaye klabu ya soka inabeba jina lake hadi leo. Ojode alikuwa mbunge wa huko tangu miaka ya tisini. Kutoka Wilson hadi Ndhiwa ni kama kilomita 280 kwa njia ya angani, safari ya helikopta ya saa moja na zaidi. Safari yao haikuvuka hata vilima vya Ngong.

Nimeamua kuandika juu ya Saitoti kwa sababu ya swali ninaloulizwa msikitini na barazani tangu tarehe 28 Oktoba 2025, siku ambayo ndege ndogo iliyotoka Diani kwenda Kichwa Tembo ilianguka Kwale na kuua watu wote 11 waliokuwamo. Swali ni moja: rubani alisema nini kwenye redio? Wananiuliza mimi kwa kuwa wanajua mazoea yangu. Si rubani mimi, wala si mwongozaji wa ndege. Nina diploma ya vyombo vya umeme na redio, na nakaa upande wa Magongo ambako ndege zinazotua Moi hupita juu ya mabati yetu. Tangu ujana nimependa kusikiliza mazungumzo ya mnara na marubani.

Msomaji ambaye hajawahi kuyasikia asidhani ni maneno ya ajabu. Marubani na minara huzungumza kwa mawimbi ya megahezi 118 hadi 137, na mawimbi hayo husafiri kama macho yanavyoona: ukizibwa na kilima, sauti hukatika. Mnara hutoa agizo, rubani hulirudia neno kwa neno ili kila mmoja awe na hakika kwamba mwenzake amesikia sawasawa. Kila ndege huitwa kwa herufi zake. Zetu za Kenya huanza na 5Y, za Tanzania 5H, za Uganda 5X. Kuna masafa ya dharura, 121.5, ambayo kila mnara hupaswa kuyasikiliza. Rubani aliye hatarini hutamka Mayday mara tatu, na kwenye chombo chake cha rada huweka tarakimu 7700. Redio ikimfia huweka 7600. Akitekwa nyara huweka 7500.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 2013, jumba la abiria la Uwanja wa Jomo Kenyatta lilipoungua na ndege za kimataifa zikageuziwa Mombasa na viwanja vingine, niliwasha redio yangu nikakaa nayo. Nilichosikia ni utulivu. Marubani wenye mamia ya abiria na mafuta ya kuhesabu walikuwa wakisubiri zamu zao kama watu walio kwenye foleni ya feri ya Likoni, na mwongozaji akiwapanga mmoja mmoja. Hivyo ndivyo ilivyo mara nyingi. Hata ajali yenyewe si lazima isikike kwa kelele. Mara nyingi husikika kwa kimya: mnara huita herufi za ndege, hungoja, huita tena, na hakuna anayejibu.

Helikopta ya Saitoti haikuwa na kinasa sauti wala kinasa mwendo, vile vyombo ambavyo watu huviita kisanduku cheusi. Sheria haikulazimisha chombo cha aina ile, Eurocopter AS350, kuwa navyo. Maana yake ni kwamba sauti za watu wale 6 hazikuhifadhiwa popote ndani ya helikopta. Kilichoweza kubaki ni kile kilichosemwa na mnara, kilichoonekana na watu wa Kibiku, na kile ambacho wataalamu wangeweza kukisoma kwenye vyuma vilivyoungua. Kwa mtu mwingine huenda hilo lingekuwa jambo la kawaida. Kwa Saitoti kuna uchungu ndani yake, kwa sababu kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mtu wa kuthibitisha.

Alizaliwa mwaka 1945 na kukulia Kajiado. Akasoma shule ya sekondari ya Mang'u, iliyokuwa ikitoa vichwa vikali vya hesabu. Mwaka 1963, mwaka ule ule bendera yetu ilipopandishwa, alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha Brandeis huko Massachusetts, Marekani, akasoma hesabu na uchumi. Kutoka hapo akavuka kwenda Uingereza, akachukua shahada ya pili Sussex, na mwaka 1972 akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Warwick. Fani yake ilikuwa topolojia ya kialjebra, tawi la hesabu linalochunguza maumbo na kuuliza ni kitu gani hubaki vile vile umbo linapokunjwa au kuvutwa. Katika fani hiyo neno la mkubwa halina uzito. Ama umethibitisha ama hujathibitisha.

Alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mkuu wa idara ya hesabu. Mwaka 1976 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Umoja wa Wanahesabu wa Afrika, akawa makamu wa rais wake. Wakati huo huo alikuwa ameshaonja siasa, maana alikuwa mjumbe wa bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile jumuiya ya kwanza iliyovunjika mwaka 1977.

Mwaka 1983 Rais Moi alimteua kuwa mbunge na kumkabidhi Wizara ya Fedha. Mwaka 1988 akachaguliwa mbunge wa Kajiado Kaskazini, kiti alichokishika hadi kufa. Mwaka 1989 akawa Makamu wa Rais. Watu walibishana maisha yake yote kama yeye ni Mmaasai au ni Mkikuyu, na wapo waliolifanya jambo hilo fimbo ya kumpigia. Wapwani tunaujua mchezo huo. Hapa kwetu pia mtu huulizwa babu yake alitoka wapi kila anapotaka kiti au kiwanja.

Miaka ya Hazina ndiyo iliyomwachia doa kubwa. Ni wakati wake ambapo kampuni ya Goldenberg ililipwa mabilioni ya pesa za umma kama motisha ya kuuza nje dhahabu na almasi ambayo Kenya haikuwa nayo kwa kiasi hicho. Tume ya Jaji Bosire ilipotoa ripoti yake mwanzoni mwa 2006, jina la Saitoti lilikuwamo, naye akajiuzulu uwaziri wa elimu. Alikwenda mahakamani, na katikati ya mwaka huo Mahakama Kuu ikaamuru jina lake liondolewe, kwa kuwa malipo yaliyokuwa yakilalamikiwa yalikuwa yamepitishwa na Bunge. Kabla mwaka haujaisha alirudi wizarani. Kisheria alisafishwa. Mitaani hesabu haikufungwa, na nadhani alilijua hilo.

Alikuwa na subira ya kupita kiasi. Baada ya uchaguzi wa 1997 Moi alimwacha nje ya umakamu, kiti kikakaa wazi zaidi ya mwaka mzima, kisha mwaka 1999 akarudishiwa. Tarehe 18 Machi 2002, Kasarani, chama cha KANU kilipoungana na NDP cha Raila Odinga, Saitoti aliachwa mikono mitupu mbele ya maelfu ya wajumbe. Siku hiyo alisimama akasema maneno machache juu ya nchi na mtu mmoja ambayo Wakenya wanayakumbuka hadi sasa. Miezi michache baadaye alikuwa upande wa upinzani, na Desemba ya mwaka huo KANU ikang'olewa.

Serikali ya Kibaki ilimpa elimu mwaka 2003, na ni chini yake ambapo shule za msingi zilifunguliwa bila karo. Zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nyumbani waliingia madarasani. Wengi wao walikuwa wa hapa Pwani, wa Kwale, Kilifi na Tana, ambako mzazi alikuwa anachagua ni mtoto gani asome na ni yupi akachunge au akavue. Kama kuna jambo ambalo Saitoti anastahili kuombewa rehema na watu wa kwetu, ni hilo.

Baada ya uchaguzi wa 2007 na damu iliyofuata, alipewa Usalama wa Ndani, na hapo ndipo Pwani tulipomjua upande wa pili. Oktoba 2010 wizara yake ilipiga marufuku makundi zaidi ya 30, na Baraza la Mombasa la MRC likawekwa kapu moja na magenge ya wahuni. Oktoba 2011, baada ya watalii kutekwa Kiwayu na Manda, alisimama pamoja na Waziri wa Ulinzi Yusuf Haji kutangaza kwamba majeshi yetu yanaingia Somalia. Msako ulioandamana na vita hivyo uliingia Eastleigh, ukaingia Majengo, ukaingia misikitini. Ojode ndiye aliyekuwa akisimama Bungeni kuitetea wizara, na yapo aliyoyasema juu ya Eastleigh ambayo Waislamu wengi hawakuyasahau. Tarehe 25 Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku dhidi ya MRC. Waziri aliyeitia saini alikuwa amekufa wiki sita tu zilizopita.

Nayasema haya bila kinyongo, ila msomaji ajue kwamba kifo chake hakikupokewa kwa moyo mmoja. Wapo waliolia, na wapo waliokaa kimya. Lakini wote walijiuliza swali lile lile: kimetokea nini? Hapo ndipo uvumi ulipopata nafasi.

Saitoti alikuwa ametangaza kuwa ataugombea urais baada ya Kibaki. Wizara yake ilikuwa ikipambana na al-Shabaab na pia na walanguzi wa mihadarati, jambo ambalo Mombasa halihitaji kuelezwa. Tarehe yenyewe ilikuwa na mkosi: tarehe 10 Juni 2008, miaka 4 kamili nyuma, waziri Kipkalya Kones na waziri msaidizi Lorna Laboso walikufa katika ndege ndogo iliyotoka Wilson na kuanguka Narok. Januari 2003 tulimpoteza waziri Ahmed Khalif pale Busia. Aprili 2006 watu 14 walikufa Marsabit, wakiwamo wabunge waliokuwa wakienda kupatanisha jamii zao. Nchi iliyozika viongozi wengi hivyo kutoka angani haihitaji kuchokozwa ili iwaze njama.

Serikali iliunda tume iliyoongozwa na Jaji Kalpana Rawal. Tume ilisikiliza mashahidi kwa miezi: waliohusika na ununuzi wa helikopta, wahandisi, madaktari waliochunguza maiti, watu wa Kibiku. Ripoti alikabidhiwa Rais Kibaki mapema 2013, nchi ikiwa tayari imezama katika kampeni za uchaguzi wa Machi. Leo hii waulize watu 10 barazani kilichoiangusha helikopta ile, utapata majibu zaidi ya matano, kila moja likiwa na kiapo chake. Ukungu wa Juni kule Ngong. Hewa ya sumu ndani ya chombo. Bomu. Helikopta mbovu iliyonunuliwa kwa ujanja. Kosa la rubani. Kazi iliyofanywa na tume haikufika barazani, na ripoti iliyokabidhiwa Rais haijawa bado ripoti iliyokabidhiwa wananchi.

Kisa kinachofanana na hiki zaidi ya vyote si cha Kenya, ila anayekishughulikia ni mtu wa kwetu Afrika Mashariki. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld wa Uswidi, alikuwa akisafiri kutoka Leopoldville, Kinshasa ya leo, kwenda Ndola kukutana na Moïse Tshombe wa Katanga ili kusimamisha vita. Ndege yake ilikuwa na watu 16. Rubani aliuambia mnara wa Ndola kwamba ameziona taa za uwanja na anateremka. Baada ya hapo hakusikika tena. Mabaki yalikuja kupatikana rasmi baada ya saa 15 hivi, ilhali yalikuwa kilomita 15 tu kutoka uwanjani.

Mnara wa Ndola haukuyanasa kwa kanda mazungumzo ya usiku ule. Kilichopelekwa kwa wachunguzi kilikuwa maandishi yaliyotengenezwa baadaye. Kwa sababu hiyo, kila aliyewahi kusikia chochote redioni akawa shahidi wa maana. Mmarekani aliyekuwa katika kituo cha kunasia mawasiliano kisiwani Saiprasi alieleza kwamba alisikia sauti ya rubani akiishambulia ndege. Mswidi aliyekuwa akifundisha marubani Ethiopia alieleza kwamba usiku ule, akichezea redio yake ya masafa mafupi, alinasa mazungumzo yaliyofanana na tukio hilo. Na wachoma makaa wa Ndola, Waafrika maskini waliosema waliona ndege ya pili angani, walipuuzwa na tume ya serikali ya kikoloni.

Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa umemkabidhi kazi ya kulipekua upya suala hili Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Ameandika ripoti moja baada ya nyingine, na ombi lake kubwa kwa mataifa yenye nguvu ni lile lile: fungueni majalada yenu ya mawasiliano mliyoyanasa. Zaidi ya miaka 60 imepita na bado anaomba. Hicho ndicho kinachotokea sauti zisipohifadhiwa mapema na kufunguliwa mapema. Ukweli hugeuka kuwa kazi ya kizazi kingine.

Sisi Wakenya tulipaswa kujifunza hilo Douala. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways KQ507 iliondoka huko Kameruni usiku wa mvua na ngurumo, bila kusubiri idhini ya mnara, ikaanguka muda mfupi baadaye na kuua watu wote 114. Mabaki yalikuwa kwenye kinamasi chini ya kilomita 6 kutoka mwisho wa njia ya kurukia, lakini yalitafutwa mbali sana na yakapatikana jioni ya siku iliyofuata. Huko visanduku vilikuwapo. Vilisomwa, ripoti ikatoka, na leo mtu akitaka kujua rubani alifanya nini na mnara ulisema nini, anasoma. Familia zilizofiwa hazikurudishiwa wapenzi wao, ila hazikuachiwa uvumi wa kurithi.

Wataalamu wana hoja dhidi yangu, na ni hoja nzito. Kanuni za kimataifa zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944 zinasema uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kumtafuta wa kulaumiwa. Zinataka sauti za marubani na za minara zilindwe, kwa sababu rubani anayejua kuwa maneno yake ya mwisho yatachezwa kwenye simu za watu ataogopa kusema, na mwongozaji anayejua atahukumiwa mitandaoni ataficha. Nchi nazo zinatofautiana. Uingereza sheria hairuhusu mtu wa kawaida kusikiliza masafa ya ndege. Marekani kusikiliza ni ruhusa, na mamlaka yao hutoa kanda: ndege ilipotua juu ya Mto Hudson mjini New York tarehe 15 Januari 2009, mazungumzo ya rubani na mwongozaji yalitolewa hadharani kabla mwezi haujaisha tangu ajali. Hakuna aliyepata nafasi ya kuyatungia hadithi.

Mimi sitaki sauti ya mtu anayekufa ichezwe kwenye matatu. Dini yetu inatufundisha kumsitiri maiti, na mwenye kufiwa ana haki yake. Lakini kati ya kuicheza sauti na kuificha kuna njia ya katikati, nayo ni maandishi. Maneno yaliyosemwa na mnara na rubani yanaweza kuchapwa, na saa ya kila neno ikawekwa, bila mtu kusikia kilio cha mwenzake. Kanuni hizo hizo za kimataifa zinaruhusu yale yanayohusika na ajali yaingie kwenye ripoti, na zinataka taarifa ya awali itolewe ndani ya siku 30. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na tangu 2016 tuna sheria ya kuitekeleza.

Kuna tarehe moja ambayo wachache wanaifahamu. Kanuni za kimataifa hutaka mnara uhifadhi kanda za mazungumzo kwa angalau siku 30. Ajali ikitokea, kanda inayohusika hupaswa kuzuiliwa hadi uchunguzi uishe. Asipokuwapo mtu wa kuhakikisha imezuiliwa, hapana kinachoizuia kufutwa na ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo wakili wa familia, mbunge wa eneo, mwandishi wa habari, yeyote mwenye kudai, adai wiki ya kwanza, kabla ya mazishi hayajapoa. Baada ya hapo atakuwa anadai kitu ambacho huenda hakipo.

Nayasema haya nikiwa nafikiria pia vifo vya kwetu ambavyo havikutokea angani. Sheikh Aboud Rogo alipigwa risasi hapa Mombasa tarehe 27 Agosti 2012, miezi miwili na nusu baada ya ajali ya Ngong. Tangu hapo wapo vijana wengi waliochukuliwa na hawakurudi. Waziri aliyekufa Ngong na kijana aliyepotea Likoni hawakuwa upande mmoja, lakini familia zao zimeachwa na swali linalofanana. Anayedai rekodi za kijana wa Likoni hawezi kusema rekodi za waziri hazimhusu, na kinyume chake ni hivyo hivyo. Serikali iliyozoea kutowaeleza wadogo hufika siku ikashindwa kuwaeleza hata wakubwa wake.

Saitoti alizikwa Kitengela kwa heshima za kitaifa, na Ojode akarudishwa kwao Ndhiwa ndani ya jeneza. Tarehe 17 Septemba 2012 uchaguzi mdogo ulifanywa Ndhiwa na Kajiado Kaskazini kwa siku moja, viti vikajazwa. Msitu wa Kibiku ulikuwa ndani ya eneo bunge la Saitoti mwenyewe. Alifia kwake, akiwa njiani kwenda kwa mwenzake.

Aprili 2024, Mkuu wa Majeshi Jenerali Francis Ogolla alipokufa katika helikopta kule Elgeyo Marakwet pamoja na wanajeshi wenzake, nilisikia barazani maneno yale yale ya 2012, kana kwamba yamehifadhiwa yakisubiri kutumiwa tena. Na Kwale ilipofika zamu yake yalirudi. Yatarudi kila mara hadi tuweke desturi ya kuchapa, kwa kila ajali na kwa lugha ambayo mama wa Ndhiwa na mvuvi wa Vanga wanaielewa, kilichosemwa na mnara, kilichojibiwa na rubani, na saa ambayo majibu yalikoma. Profesa wa hesabu asingekubali pungufu ya hapo kutoka kwa mwanafunzi wake.